Neno Moja, Kura Tano

Verna Cusack aliweza kukaa jikoni akiwa ameligeuzia dirisha mgongo, na bado akajua kila mtu anafanya nini ndani ya banda la kukatia kondoo manyoya. Baina ya jiko na banda palikuwa na uwanja wa vumbi tu, na kelele za mashine ziliuvuka kama vile kuta hazipo. Mashine ya Col Dowd, mzee wa kikosi, ilikuwa na mngurumo mzito usiobadilika. Ya Tamati, Mmaori aliyevuka bahari kutoka New Zealand kufuata kazi, ilikwenda kwa mikupuo mirefu kama mtu anayepiga mluzi. Za ndugu wawili wa Beddoe, Rex na Ian, zilianza pamoja na kukoma pamoja. Ya tano ilikuwa ya mwanawe, Wade, na hiyo ndiyo aliyoitegea sikio hata alipokuwa akimenya viazi. Siku hizi, akimwachia kondoo mmoja na kabla hajamvuta mwingine, mashine ya Wade ilinyamaza kwa muda mrefu kuliko zamani. Si sana. Mtu asiyekuwa mama yake asingegundua kitu.

Siku ya wakata manyoya hukatwa vipande vinne vya saa mbili mbili. Kengele hulia kuanza, kengele hulia kumaliza, na kila kipande huitwa run. Ni neno lile lile la Kiingereza la kukimbia, ingawa ndani ya banda hakuna anayekimbia. Watu wameinama tangu saa moja na nusu asubuhi, jasho likiwadondoka puani, kondoo kabanwa katikati ya magoti.

Verna alikuwa amechoka na neno hilo. Shamba lenyewe la kondoo, ambalo mtu huendesha gari asubuhi nzima bila kuuona uzio wa pili, nalo ni run. Safari ya mkandarasi Nev Garland na kikosi chake, kutoka banda hili kwenda lile msimu mzima, ni run. Ua wa waya walimolala kuku wake nyuma ya jiko ni run. Sisi kwa Kiswahili tungesema kijito kinatiririka, injini inanguruma, sukari imekwisha, kamasi zinachuruzika, soksi nyekundu imechuja rangi ikaharibu mashuka, fulani anasimamia duka na mwenzake amechakaa kwa kazi. Kila jambo na neno lake. Huko, upande wa magharibi wa New South Wales, vyote hivyo vinakimbia tu, na Verna alijiona amekaa katikati yake, vikimpita kulia na kushoto, naye miguu imemvimba ndani ya viatu.

Hata tumbo la mtu likiharibika kwa chakula cha mpishi, neno ni hilo hilo. Huo ndio uliokuwa utani wa kila mlo.

"Vern," Tamati aliuliza kila jioni akifunua sufuria, "hii nyama itakaa au itakimbia?"

"Ya jana ilikaa?"

"Ilikaa."

"Basi kula ufunge mdomo."

"Nikifunga mdomo nitakulaje, shangazi?"

Verna alikuwa amezaliwa kwenye mashamba hayo hayo. Baba yake alikuwa mlinzi wa uzio, mtu wa kuzunguka na farasi kutafuta waya uliokatika, na shule ilikuja nyumbani kwao ndani ya bahasha. Mama yake alimsomesha mezani huku akikanda unga. Siku moja bahasha ilileta zoezi: tunga sentensi nyingi uwezavyo kwa neno hilo hilo, run. Verna alijaza ukurasa mbele na nyuma. Aliweka kijito, kuku, pua ya mdogo wake, injini ya pampu, maziwa yaliyochemka yakamwagika juu ya sufuria. Mwalimu, ambaye hakuwahi kumwona, alimrudishia kwa sifa nyingi, kisha chini akaongeza kwa wino mwekundu sentensi moja aliyoisahau: macho ya buluu yanakimbia katika ukoo wetu. Maana yake, yanarithiwa. Mtoto Verna aliona sentensi hiyo haina maana. Macho yatakimbiaje?

Shule yake iliishia pale pale mezani. Akaolewa na Leo Cusack, mkata manyoya ambaye wengine walisimamisha mashine zao kumtazama. Leo alikuwa mwepesi, mcheshi, na hakujua kusema nimechoka. Kila msimu ulipofika katikati alisema nikimaliza mzunguko huu nitapumzika, na kila msimu mzunguko mmoja ulizaa mwingine, mpaka asubuhi moja aliinama kufunga kamba za viatu na hakuinuka tena. Sasa alikuwa nyumbani kwao mjini, anakaa kwenye kiti kigumu cha jikoni kwa kuwa viti laini vilimshinda, na akitembea alifanana na mtu anayetafuta sarafu aliyoidondosha. Dada yake Leo ndiye aliyekaa naye Verna akiwa kazini.

Mara ya mwisho Leo alipopasuliwa, daktari alimtazama Wade aliyesimama mlangoni, bega moja chini kidogo kuliko jingine, akamuuliza Verna kama migongo mibovu inakimbia katika ukoo wao.

"Hapana," Verna alijibu. "Ndugu zake Leo wote wamenyooka kama nguzo. Mmoja anauza bima."

Alisema hivyo bila wasiwasi, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani ule wino mwekundu ulikuwa mbele ya macho yake. Wiki ile ile alimpigia simu Nev Garland akamwambia amesikia wapishi wake hawadumu. Mumewe alimwambia tu kwamba nyumba inambana yeye Verna, anataka kubadili hewa. Ukweli ni kwamba alitaka kuwa mahali ambapo angemsikia Wade akifanya kazi.

Na alisikia, na aliona. Wade alianza kunywa chai ya saa nne amesimama. Baadaye akawa anakula hata chakula cha mchana amesimama, eti anataka kutazama mbwa wanavyogombana nje. Aliposhuka ngazi za banda alishuka kiubavu, mkono kwenye reli. Siku waliyokwenda mjini, binti mdogo wa Wade, Tegan, alikuja mbio ameinua mikono abebwe, na Wade akapiga magoti haraka kana kwamba alitaka kumfunga viatu, akamkumbatia hapo hapo chini. Mtoto aliridhika. Mkewe, Trudy, alicheka. Verna alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kilichommaliza nguvu ni waya. Alikuwa akifagia vyumba vya wanaume, ufagio ukakokota kitu kutoka chini ya kitanda cha Wade: waya wa kutundikia nguo, umenyooshwa, ncha yake imepindwa kama ndoana. Waya kama ule ulikuwa nyumbani kwake, umetundikwa karibu na kiti cha Leo. Ndio aliovutia soksi na viatu, kwa kuwa mikono yake haikufika miguuni.

Alimngoja Wade nyuma ya banda la kuku.

"Huu ni wa baba yako?"

"Ni wangu."

"Wa nini?"

"Wa viatu, Mama. Vimebana."

Wakata manyoya huvaa viatu laini vya kushonwa kwa gunia, wasiteleze kwenye mbao zenye mafuta ya manyoya. Viatu hivyo havijawahi kumbana mtu tangu vilipobuniwa. Wote wawili walilijua hilo.

"Mwambie Nev akupumzishe."

"Nikimtajia Nev mgongo, kesho kutwa kuna mtu mwingine anashika nafasi yangu. Na mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa Wade."

"Wade nani? Yule wa kukaa jikoni na Baba, mmoja kiti hiki, mmoja kile?" Alijaribu kucheka. "Acha tumalize mzunguko huu kwanza."

"Usiniambie maneno hayo."

"Maneno gani?"

Verna alimrudishia waya wake, kwa sababu bila huo asingeweza kuvaa viatu, na hilo lilimuuma kuliko yote: kwamba alimkabidhi kwa mkono wake mwenyewe.

Mvua ilinyesha alasiri ya siku iliyofuata. Haikuwa kubwa, lakini ilitosha kufanya paa la mabati lipige kelele na wanaume wainue vichwa. Kondoo waliokuwa chini ya banda walikuwa wamekwisha kukatwa. Waliobaki walikuwa nje, wote wanapata maji.

Wakata manyoya wa huko hawamgusi kondoo aliyelowa. Wanaamini maji ya manyoya humwingia mtu kwenye viungo, yakamletea majipu na baridi yabisi, na manyoya yenyewe yakifungwa mabichi huoza. Lakini nani aseme kondoo amelowa au amekauka? Mwenye shamba siku zote atasema amekauka. Kwa hiyo wana desturi yao ya siku nyingi. Asubuhi, kila mkata manyoya hukata kondoo wawili, kisha hupewa kipande cha karatasi akaandika, wamelowa au wamekauka, bila jina. Wengi wakiandika wamelowa, banda hufungwa na watu hukaa bila kazi mpaka jua lifanye yake. Hakuna anayebishana na kura hiyo. Na hakuna, hakuna kabisa, anayemuuliza mwenzake ameandika nini. Watu wamewahi kukaa na kaka zao maisha mazima bila kuwauliza.

Mpishi hana kura. Mpishi hulisha watu wanaofanya kazi na wasiofanya kazi.

Jioni ile mezani walibishana kuhusu mawingu.

"Kesho hakuna kitu," alisema Tamati. "Nitalala mpaka Vern aniletee chai kitandani."

"Utaletewa maji ya vyombo," alisema Verna.

"Upepo umegeuka," Col alisema akichovya mkate kwenye mchuzi. "Upepo wa magharibi huu. Mpaka saa mbili watakuwa wamekauka."

"Wakikauka tunakata," alisema Wade. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, sahani mkononi.

Kila mtu alijua jinsi Wade anavyopiga kura, ingawa hakuna aliyewahi kumuuliza. Leo Cusack alikuwa akijigamba kwamba hajawahi kuandika wamelowa hata siku moja, na mwanawe alikuwa mwana wa baba yake. Ndugu wa Beddoe walitafuna wakiangalia sahani zao. Hao tangu msimu uanze walikuwa hawajasema maneno ya kujaza kikombe.

Baada ya kuosha vyombo Verna alimfuata Col kibarazani, alikokuwa akinoa vitana, meno ya chuma ya mashine yake. Alijua kabisa kwamba anachotaka kufanya hakifanywi. Alipangusa mikono kwenye aproni mpaka ikawa mikavu, akaendelea kuipangusa.

"Col. Ile kura ya kesho."

"Ipo."

"Siku mbili tu za kupumzika zingemsaidia. Umemwona mwenyewe. Ukiandika wewe, na ukimwambia Tamati..."

Col aliinua mkono wenye vumbi la chuma. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Vern. Nilifanya kazi na Leo miaka mingapi? Hata Leo hakuwahi kuniomba hilo."

"Leo hakuomba kitu. Ndiyo maana yuko vile."

"Huenda. Lakini hilo huniulizi, na mimi sijasikia." Akarudi kwenye kunoa. Kisha, bila kuinua macho: "Nenda ukalale, mama. Umechoka hoi."

Alikwenda, aibu ikimwaka masikioni.

Asubuhi upepo wa Col ulikuwa umefanya kazi yake. Mbingu ilikuwa nyeupe na tupu. Nev Garland alikuwa uani tangu kulipopambazuka, akiingiza vidole kwenye manyoya ya kondoo huyu na yule na kuvipangusa shavuni. "Kama unga," alimwambia kila aliyepita. "Kavu kama unga." Verna, akikaanga mayai, aliisikia sauti yake ya furaha, akajua siku itakuwa ndefu.

Kengele ililia. Mashine tano zikawaka. Alisikiliza kondoo wa kwanza wa Wade, kisha kile kimya, kisha wa pili. Katikati ya kondoo wa pili mashine ilizimwa, ikawashwa tena. Verna aliweka mikate midogo kwenye kikapu ingawa saa ya chai ilikuwa mbali, akafunika kwa kitambaa, akavuka uwanja.

Mwanamke akilikaribia banda, aliyemwona kwanza hupaza sauti kwamba bata wameingia bwawani, ili wanaume wasafishe ndimi zao. Safari hii hakuna aliyepaza sauti. Mashine zilikuwa zimezimwa zote, watu watano wamesimama wametazama ukuta, kila mmoja ameegemeza kipande cha karatasi kwenye ubao anaandika. Wade aliandika mkono mmoja umeshika nguzo.

Tamati alivua kofia yake ya sufu, karatasi zikatumbukizwa. Col, aliyekuwa mwakilishi wao, aliitikisa kofia, akavaa miwani. Nev alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea kwenye swichi ya injini.

"Wamelowa," Col alisoma.

Nev alitabasamu kama mtu aliyezoea. Lazima mmoja awepo.

"Wamelowa."

Verna aliweka kikapu chini.

"Wamelowa."

Tatu. Zilitosha. Verna akashukuru, hakujua anamshukuru nani. Siku moja, pengine mbili. Atampaka dawa. Atamlaza ubaoni kama alivyokuwa akimlaza Leo. Col angeweza kukunja karatasi zilizobaki akaziweka mfukoni, lakini Col alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ni kusoma zote.

"Wamelowa," alisoma ya nne, sauti yake imepungua.

Akaifungua ya tano. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, maana neno moja halisomwi muda wote huo.

"Wamelowa."

Nje kondoo walikuwa wanalia, wakavu, upepo unawapeperusha manyoya.

Hapo ndipo Verna alipoelewa. Karatasi zilikuwa tano na watu walikuwa watano. Mtoto wake, ambaye hajaandika neno hilo tangu aanze kazi, leo ameliandika, na jua linawaka. Alikuwa amelilia siku hii, ameiomba kwa mzee wa watu hadi akajidhalilisha, na sasa ilipokuja, alitamani ile karatasi ya tano iseme vingine. Mtu anayeandika wamelowa juu ya kondoo mkavu hajachoka. Amefika mwisho.

"Wamelowa wapi?" Nev alisema. "Niambieni mimi. Wamelowa wapi?"

"Kura imepigwa, Nev," alisema Col.

"Nauliza tu."

"Haiulizwi." Na jicho la mzee likampitia Verna pale mlangoni, likaenda zake.

Nev aliwatazama mmoja mmoja, mdomo wazi, tayari kusema jambo. Kisha akamtazama Wade, na alipomtazama vizuri aliufunga mdomo. Alitoka kupitia mlango wa nyuma, wakamsikia anawafungulia kondoo lango la malisho.

Wade alikuwa ameteleza taratibu kwenye nguzo mpaka akakaa sakafuni, juu ya mbao zinazong'aa kwa mafuta. Alicheka kicheko kifupi.

"Kumbe mmeona."

Tamati alijishughulisha na kofia yake kana kwamba imepanuka.

"Mimi niliandika kwa ajili yangu," Wade akasema. "Nilidhani nitakuwa peke yangu. Nilijua mtashinda ninyi, nikasema basi, angalau niandike mara moja ukweli, halafu nikate." Alifuta uso kwa mkono. "Tangu lini?"

Rex Beddoe, ambaye Verna hakuwahi kumsikia akisema zaidi ya nipitishie chumvi, akakohoa.

"Tangu banda lililopita."

"La kabla yake," alisema Ian.

"Mimi sijaona kitu," alisema Tamati. "Kondoo wangu walilowa. Walitoa machozi walipoona ninavyokata." Akamwinamia Wade, akampitishia mikono kwapani, akamwinua kwa ule mtindo wa kumtoa kondoo zizini, taratibu, kifua kwa mgongo. "Twende, kaka. Usinipige teke."

Jikoni Wade alisimama akishika ukingo wa meza. Verna alikuwa ametunga maneno mengi ya siku hii. Aliyatunga akimenya viazi, akayatunga akikanda mikate, maneno makali yenye jina la Leo ndani yake.

"Mama. Nivue viatu."

Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, unga bado mikononi, akavuta kiatu cha gunia cha kulia, kisha cha kushoto. Mguu wa kushoto ulikuwa baridi.

"Hicho kidole kikubwa sikisikii," Wade alisema juu ya kichwa chake. "Nilidhani kitarudi."

"Tangu lini?"

"Mama."

"Basi. Siulizi."

Alimvisha viatu vya kawaida, akafunga kamba. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu amfunge kamba, na vidole vilikumbuka fundo lile lile la mara mbili. Kisha akainuka kwa kushika meza, kwa maana naye magoti yake hayakuwa mapya, akaanza kuzima majiko.

"Mtakula nini?" aliwauliza wanaume waliojaa mlangoni.

"Nitapika mimi," alisema Tamati.

"Basi tuchimbe choo kingine," alisema Col, na hata Wade alicheka, kwa uangalifu, mkono kiunoni.

Pikapu ya Verna ilikuwa nzee na betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi; bila kusukumwa haikuwaka. Walimlaza Wade nusu kwenye kiti cha mbele, magunia ya manyoya nyuma ya mgongo wake, kisha wanne wakasukuma, ndugu wa Beddoe kila mmoja kona yake. Injini ilikohoa, ikashika. Col alikuja dirishani upande wa Verna, akapiga paa la gari mara mbili kwa kiganja.

Waliendesha polepole. Kila shimo Verna alilikwepa kama yai, na bado alimsikia Wade akivuta hewa kwa meno. Nusu ya njia walifika kwenye kijito. Siku nyingine pale huwa mchanga mtupu na kokoto. Siku hii mvua ya sehemu za juu ilikuwa imeshuka, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita juu ya barabara, yanabeba vijiti.

Verna alisimamisha gari. Aliteremka, akachomeka kijiti kwenye ukingo wa maji, akarudi kukaa kwenye usukani. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja kijiti kionyeshe maji yanashuka.

Baadaye hospitalini yalisemwa mengi. Daktari alisema wamefika kwa wakati, ingawa si wa kuokoa kila kitu. Kidole kile hakikurudi, mguu ulirudi. Wade hakushika tena mashine ya kukatia manyoya. Alipata kazi ya kupanga manyoya kwa daraja, kazi ya kusimama wima mezani, na Tegan alijifunza kupanda kwanza kwenye kiti ndipo abebwe. Lakini kwa Verna jambo hilo halikuishia hospitalini. Liliishia pale, kijito kikipita mbele na injini ikitetemeka chini ya miguu yao, vyote viwili vinakimbia kwa neno lile lile, na yeye kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hana pa kwenda wala cha kusikiliza.

Walikaa hivyo. Jua lilipanda juu ya boneti. Maji hayakushuka kwenye kijiti.

"Zima gari, Mama," Wade alisema. "Unamaliza mafuta."

"Nikizima haitawaka tena bila kusukumwa," alisema Verna. "Na wewe huwezi kusukuma."

Alingoja abishe. Alikuwa amezoea kungoja hivyo. Mwili wake ulijikaza wenyewe, kama unavyojikaza kabla ya mlango kupigwa na upepo.

Wade alitazama maji.

"Siwezi," alisema.

Verna aliegemeza kichwa kwenye kiti. Akaiacha injini ingurume.